Kazi za mikono na shoga yako nyumbani: anzeni na kitambaa cha jagi

Tulianza kwa ubishi. Shoga yangu alitaka tujifunze batiki, mimi nilitaka ukili, ule msuko wa ukindu wa kushonea mikeka, na wote wawili tulikuwa hatujui hata kimoja. Ilikuwa Jumamosi, umeme umekatika tangu saa nne asubuhi, simu zimeisha chaji, tumekaa barazani kwangu Tabata tunamenya machungwa na kuwateta watu. Akaniambia, "Shoga, mikono yetu hii inajua simu na mwiko tu." Nikacheka, lakini neno lile halikunitoka. Bibi yangu alikuwa akisimulia hadithi ndefu huku mikono yake inasuka, wala haitazami. Mimi nikikaa kuongea na mtu, mkono unapapasa simu.

Huu ni mwaka wa pili sasa tunakutana kila Jumamosi, kuanzia alasiri mpaka magharibi inapobisha hodi. Wiki hii kwangu, wiki ijayo kwake. Tumejaribu vitu vitano. Viwili vimekaa, kimoja tunakifanya kwa nadra, viwili vimetushinda na hatuoni haya kusema. Naandika ili wewe na mwenzio msirudie makosa yetu, hasa lile la sufuria, nitalifikia.

Kwanza: je, mdomo utakuwa huru?

Kabla ya kwenda Kariakoo kununua chochote, jiulizeni kama kazi mnayoitaka inawaruhusu kuongea. Mkikaa wawili nusu ya raha ni maneno, na kazi inayowafunga mdomo mtaiacha baada ya wiki tatu, hata iwe nzuri vipi.

Mfano ni kofia ya viua, ile ya kushonwa kwa mkono. Niliipenda tangu utotoni, kila nikimwona mzee ameivaa Ijumaa. Tukanunua kitambaa cheupe, uzi mwembamba, sindano nyembamba. Kofia ile ni vitundu, kila kitundu kinazungushiwa uzi pande zote, na ukikosea hesabu ya vitundu ua lote linakwenda upande. Tulishona vitundu tisa tukiwa kimya kama tuko kwenye mtihani wa darasa la saba. Shoga yangu akainua kichwa akaniuliza, "Tumegombana?" Tukaikunja, ipo kabatini hadi leo. Kofia moja inaweza kula miezi, na wanaoifanya vizuri wameanza wakiwa wadogo. Niliwaheshimu zaidi baada ya vitundu vile tisa.

Uchoraji nao ulitushinda kwa njia yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za aina inayopakwa baiskeli. Ukimwangalia chui wa Tingatinga unasema, hili hata mimi naliweza. Huliwezi, angalau si kwa Jumamosi moja. Rangi ya nyuma lazima ikauke kabisa, ndipo mnyama apakwe, naye akauke, ndipo madoa yawekwe. Sisi tuliweka madoa juu ya chui mbichi, akawa kama amepita kwenye tope. Na harufu ya thina ilitutoa barazani tukamalizia uani. Kama mna subira ya kuacha kazi na kuirudia kesho na keshokutwa, jaribuni. Sisi tunakutana mara moja kwa wiki, na chui alitaka kutuona kila siku.

Kuhusu pesa, sisi tuna kopo la biskuti. Kila Jumamosi kila mmoja anatia buku moja, na hakuna kununua kitu kisichotoka koponi. Mwanzo nilidhani ni ubahili wa shoga yangu, baadaye nikaona linatuokoa na tabia ya kununua vifaa vya mwaka mzima kwa ari ya siku moja.

Kitambaa cha jagi

Kama mnaanza kabisa, anzeni hapa. Kitambaa cha mviringo cha kufunikia jagi la maji, chenye shanga pembeni ili kisipeperushwe. Nyumba nyingi kinajulikana, ni kidogo, na mtu asiyejua kitu anaweza kukimaliza kwa Jumamosi mbili. Kumaliza ni muhimu mwanzoni. Usikubali mtu akushawishi uanze na seti ya vitambaa vya makochi.

Mnahitaji bonge moja la uzi wa pamba, la rangi isiyokolea, kwa sababu kwenye uzi mweusi au bluu nzito hamtaona mashimo, na jioni ndiyo kabisa. Sindano ya kroshia ya milimita 3 kwa kila mmoja. Shanga 16 kila mtu, zenye tundu la kupitisha huo uzi, kwa hiyo nendeni dukani na kipande cha uzi mkononi mkajaribu pale pale. Sisi hatukwenda nacho, tukarudi na shanga nzuri ambazo hata sindano ya kushonea ilikuwa haipiti.

Tungeni shanga zote 16 kwenye uzi kabla hamjaanza kufuma, mzisukume chini karibu na bonge. Zitakaa huko zikisubiri. Ukisahau hatua hii itabidi ukate uzi mwishoni na kuunga.

Sasa fuma cheni 6, yaani vitanzi vinavyovutwa kimoja ndani ya kingine, uzifunge ziwe pete kwa kuchomeka sindano kwenye cheni ya kwanza na kuvuta uzi upite vyote. Panda juu kwa cheni 3. Hizo tatu zinahesabika kama nguzo ya kwanza. Nguzo ni jina letu sisi, kwa vile zimesimama. Kuifuma: zungusha uzi mara moja kwenye sindano, chomeka ndani ya pete, vuta uzi, utakuwa na vitanzi vitatu kwenye sindano. Vuta uzi upite viwili, vuta tena upite viwili vilivyobaki. Umepata nguzo moja. Endelea mpaka zifike 12 pamoja na ile ya cheni, funga mzunguko.

Baada ya hapo ni hesabu tu. Mzunguko wa pili kila nguzo inazaa mbili, zinakuwa 24. Wa tatu, moja inazaa mbili, inayofuata inabaki moja, hivyo hivyo mpaka mwisho, zinakuwa 36. Wa nne, mbili zinabaki moja moja, ya tatu inazaa mbili, zinakuwa 48. Kila mzunguko unaongeza 12, usisahau namba hiyo. Kitambaa kikianza kujikunja kama kofia ujue umeongeza pungufu. Kikianza kufanya mawimbi kama sketi ya bibi harusi, umeongeza kupita kiasi. Usijidanganye kwamba utakinyoosha kwa pasi. Fumua. Kufumua kroshia hakuumi, unavuta tu uzi, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza nayo.

Mzunguko wa mwisho ni wa shanga. Fuma cheni 3, sogeza shanga moja mpaka iguse sindano, fuma cheni moja kuifungia, kisha cheni 3 nyingine, halafu ruka nguzo mbili, jishikize kwenye ya tatu. Rudia. Nguzo 48 gawa kwa 3 unapata vitanzi 16, na shanga 16. Kitambaa kinatoka na upana wa kama sentimita 12 au zaidi kidogo, kinatosha jagi la kawaida.

Cha kwanza cha shoga yangu kina shanga 15. Alihesabu vibaya wakati wa kutunga, au mwanaye alichukua moja, mpaka leo ni kesi haijaamuliwa. Kitanzi kimoja kikabaki kitupu. Alitaka kufumua, nikamkatalia.

Sasa kuna jambo moja ambalo nilichelewa kulijua. Shoga yangu anatumia mkono wa kushoto. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa namfundisha tumekaa ubavu kwa ubavu, naye anajilazimisha kushika sindano kulia, uzi unamkaba vidole, anatoka jasho. Nikaanza kumwona mzito, Mungu anisamehe. Siku moja kiti cha pembeni yangu kilikuwa na nguo za kukunja, akakaa mbele yangu, tukatazamana. Akahamisha sindano kushoto, akawa ananiiga kama anajitazama kwenye kioo, na baada ya robo saa alikuwa anafuma. Kitambaa chake kinazunguka kinyume cha changu na hakuna mgeni aliyewahi kugundua. Kwa hiyo mkiwa mnatumia mikono tofauti, kaeni mkitazamana. Mkiwa wa mkono mmoja, kaeni ubavu kwa ubavu, na anayefundisha asikae upande utakaomkinga mwenzake mwanga.

Tulijiwekea sharti moja tu: hakuna kumnyang'anya mwenzio sindano. "Lete nikufanyie" ndiyo inayoua kazi hizi. Onyesha kwenye kitambaa chako, mwache akosee kwenye chake.

Ukili

Huu ulikuwa wangu, na niliupata kwa shangazi yangu wa Bagamoyo, aliyenitumia kifurushi cha ukindu mkavu kwa mtu wa basi. Nilipiga simu kushukuru, akaniuliza, "Umeuweka wapi?" Nikasema, "Kwenye beseni la maji, shangazi, ulainike." Akanyamaza kidogo. "Toa. Unaulowesha au unaufulia?"

Ukindu mkavu unakatika, huo ni ukweli. Lakini ukiulowesha mpaka ukashiba maji, unasuka vizuri sana, unafurahi, kisha unakauka, unasinyaa, na ukili wako unakuwa na mianya ya kuona upande wa pili. Dawa yake ni kuupitisha majini, kuukung'uta, na kuuviringisha ndani ya kanga iliyoloa kwa saa moja hivi. Unapovuta chane unavuta moja moja, zilizobaki zinabaki zimefunikwa. Chane ndiyo ule ukanda uliokwisha kuchanwa, na kuchana ndiyo nusu ya kazi. Unatumia kucha ya kidole gumba au ncha ya sindano, unaanzia kwenye shina la jani, unavuta kwa mkono mmoja usiositasita. Chane zikipishana upana, hata ukisuka kama malaika, ukili utapinda. Tengeni Jumamosi ya kwanza kuchana tu. Hapo mdomo uko huru kuliko wakati wowote, tulimaliza habari za harusi tatu.

Kama hamna mtu wa kuwatumia ukindu, fanyeni mazoezi kwa kamba zile bapa za plastiki zinazofungia maboksi, au kata katoni nyembamba vipande vya upana wa sentimita moja. Havitoi kitu cha kujivunia lakini vidole vinajifunza njia.

Watu wazima wanasuka chane nyingi, wewe anza na tano. Zifunge pamoja kwa juu, uzibane chini ya mguu wa stuli au kidole gumba cha mguu, kama tulivyokuwa tunafanya zamani. Zitandaze. Chukua ya mwisho kulia, ipitishe juu ya jirani yake, chini ya inayofuata, iache katikati. Chukua ya mwisho kushoto, juu ya jirani, chini ya inayofuata, katikati. Rudi kulia. Ni hivyo tu, juu, chini, acha. Aliyewahi kusuka nywele ataona kama mabutu yaliyoongezewa wageni wawili. Kaza kila baada ya mara mbili tatu kwa kusukuma juu na kidole. Usingoje mpaka umalize ndipo ukaze, haikaziki.

Chane ikikaribia kuisha, laza mpya juu yake, zisuke pamoja mapishano mawili matatu, kisha ya zamani iache ibaki nyuma, utakuja kuikata kwa wembe. Angalia usiunge mbili mahali pamoja, hapo ndipo ukili unapovunjikia.

Ukili unapimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Pima moja ya ukili wenye upana wa sentimita 2 inatoa duara la kama sentimita 20, kitu cha kuwekea sufuria mezani. Ndicho tulichotengeneza kwanza. Ukizungusha ukili, shona ukingo na ukingo kwa shazia, na kama huna shazia, sindano kubwa ya kushonea magunia inafaa. Katikati ndipo pagumu, kwa sababu ukili haupendi kukunjwa kwenye duara dogo. Ulowanishe tena pale mwanzo, ukunje ncha, ushone mara mbili, na usivute uzi kwa hasira, la sivyo kitainuka kiwe bakuli. Changu cha kwanza kiliinuka. Naweka vitunguu saumu humo, kinafaa.

Shoga yangu ukili haukumkaa kama mimi. Anasuka, lakini ukikaribia pima anachoka, ananiachia nimalizie, naye anachukua mashono. Tumekubaliana hivyo. Si lazima wote wawili mpende kitu kile kile kwa kiasi kile kile, mradi kuna sehemu ya kila mmoja.

Rangi, na kesi ya sufuria

Kwa rangi nawasihi muanzie jikoni. Chukueni kitambaa cha pamba, marekani inafaa sana. Jina lenyewe lilitokana na vitambaa vilivyoletwa Zanzibar na meli za Marekani karne ya 19, na likabaki. Nusu mita inatosha. Ifueni kwanza kwa maji moto kuondoa wanga wa kiwandani, la sivyo rangi itakaa juu juu. Fungeni mafundo: finyeni kitambaa, wekeni punje ya kunde ndani, mfunge chini yake kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa chembamba. Tyubu inabana kuliko uzi na haipitishi rangi. Fundo likilegea halitaacha alama, kwa hiyo kazeni mpaka mwenzio aseme basi.

Chemsheni lita 2 za maji na vijiko vitatu vya chakula vya manjano kwa dakika 20, tieni kitambaa kikiwa kimeloa, moto mdogo nusu saa, kisha kiacheni kipoe humo humo. Suuza, fungueni. Kile kitendo cha kufungua mafundo mkiwa wawili, punje moja moja, ndicho kilichonifanya nimwelewe shoga yangu alichokuwa anataka kwenye batiki tangu mwanzo. Miduara myeupe ilijitokeza kwenye njano, hakuna miwili inayofanana.

Halafu akaenda kukifua kwa sabuni ya mche. Nikasikia uani, "Mamaa!" Kitambaa kilikuwa kimegeuka chekundu cha udongo, kama kimemwagiwa damu ya zamani. Tulidhani tumekiharibu. Kumbe manjano hubadilika ikikutana na kitu chenye magadi, na sabuni ile inayo. Akakamulia limau nusu kwenye maji, akakichovya, njano ikarudi mbele ya macho yetu. Tangu hapo huwa tunafanya makusudi: tunachora kwa kipande cha sabuni kilicholoa juu ya kitambaa cha njano, mistari myekundu inatokea, watoto wanapiga kelele. Jueni tu kwamba manjano haivumilii jua. Anikeni kivulini, na hata hivyo itapauka. Ni rangi ya kujifunzia, usiitie kwenye nguo ya sikukuu.

Batiki yenyewe, ya rangi za dukani, ni habari nyingine. Zile rangi zinataka kostiki soda na haidro, ule unga unaosaidia rangi iyeyuke, na kostiki si kitu cha mchezo, inaunguza ngozi na macho. Tulikuwa tumeangalia video moja, tukaelewa nusu. Mimi nikachukua sufuria kubwa ya pilau, tukatia maji, nikatia kostiki. Sufuria ikaanza kuchemka bila moto. Povu, mvuke, sauti kama ya kukaanga, na pembeni inageuka nyeusi. Tukakimbia wote wawili mpaka getini. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki inaila alumini, na hewa inayotoka inashika moto. Kama ningekuwa nimeinjika jikoni, nisingekuwa naandika kwa kucheka. Sufuria ya pilau ilikufa siku hiyo, nayo haikuwa yangu, ilikuwa ya mama mkwe.

Kwa hiyo, mkiamua: ndoo ya plastiki ambayo haitarudi jikoni milele. Uani, penye hewa, si ndani. Glavu za mpira mpaka viwikoni, miwani hata ya jua. Maji yanatangulia, kostiki inafuata kidogo kidogo, kamwe msimwagie kostiki maji. Koroga kwa kijiti. Watoto wapelekwe kwa jirani, na kopo la kostiki lisiwe chupa ya soda au ya maji, watu wameungua koo kwa hilo. Ikikurukia, maji mengi yanayotiririka kwa dakika nyingi, usipake limau wala siki, na ikiingia jichoni ni hospitali huku bado unaosha. Vipimo vya rangi fuateni vya muuzaji wa rangi hiyo, vinatofautiana. Mtu aliyetuuzia alitueleza kwa subira yote, sisi ndio tuliokuwa hatusikilizi mara ya kwanza.

Mkifika hapo salama, kuna dakika moja inayolipa yote. Kitambaa kinatoka ndooni kina rangi ambayo siyo mliyoinunua. Chetu kilitakiwa kuwa kijani, kikatoka bluu ya wino. Shoga yangu akaanza kulaumu duka. Tukakitandaza kwenye kamba, na hewa ilipokipiga, ukijani ukaanza kutambaa kutoka pembeni kuelekea katikati, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye mchanga. Tulisimama pale mikono imevaa glavu hakuna anayeongea. Ni mara moja tu kimya chetu kilikuwa kitamu.

Tunafanya hivyo labda mara mbili kwa mwaka, maandalizi yake ni marefu.

Watu wataanza kuuliza bei

Hapa mjini huwezi kushika sindano bila mtu kusema, "Hiyo unauza shilingi ngapi?" Mtaambiwa mfungue kikundi, mchukue mkopo, mtafute maonyesho. Wanasema kwa nia njema. Ushauri wangu ni mkatae kwa miezi sita ya mwanzo, hata mkiombwa.

Sisi hatukukataa. Mwezi wa tatu jirani mmoja alitaka vitambaa vya jagi 10 kwa ajili ya kichen pati ya binti wa dada yake, kwa wiki mbili. Tukaona tumeula. Jumamosi zikageuka kiwanda. Hakuna stori, hakuna chai, ni "umefikisha vingapi?" Mimi nafuma kwa kulegeza, yeye anakaza, kwa sababu hiyo hesabu ile ile ya nguzo 48 ilitoa vitambaa vitano vikubwa na vitano vidogo. Jirani akavipanga mezani akavitazama, akatutazama. Akalipa, lakini pungufu, na alikuwa na haki. Tuligawana pesa tukiwa tumenuniana, na Jumamosi iliyofuata hakuna aliyekwenda kwa mwenzie.

Ilichukua wiki mbili. Akaja yeye, na machungwa.

Siku hizi tukipata oda, ambayo ni mara chache, mtu mmoja anafuma zote za aina hiyo na mwingine anafanya shanga na kumalizia, na tunaomba mwezi mzima. Vingine vyote tunagawa. Kila anayezaa mtaani kwetu ana kitambaa cha jagi, atake asitake.

Kile cha shanga 15 kipo kwangu, aliniachia siku ile ya machungwa. Mama mkwe alipokuja mwezi uliopita alikishika, akakizungusha kidoleni, akafika kwenye kile kitanzi kitupu akasimama. Nikangoja. Akauliza, "Na ile sufuria yangu ya pilau uliiweka wapi?"

Jumamosi hii ni kwake shoga yangu. Ameshatoa pesa koponi akanunua uzi wa zambarau, rangi nisiyoipenda hata kidogo, naye anajua.